Mtambo wa Kuzungushia Saa za Wastaafu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kutokana na safari za kikazi za wenzangu nimelazimika kuwa mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika lakini kiti chake mnakiona. Ndugu Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Mizunguko. Ndugu Naibu Kaimu Mkurugenzi wa hiyohiyo Mizunguko, na naomba msiwachanganye kwa sababu wenyewe hawapendi. Wajumbe wa Kamati Tendaji, wajumbe wa Kamati ya Kuisimamia Kamati Tendaji, na wale wawili wa nyuma ambao sijajua ni wa kamati gani ila wamevaa beji. Wastaafu wetu wapendwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na ile iliyosahaulika itazingatiwa kwa waraka. (Makofi ya watu wachache walioketi mbele.)

Nasimama mbele yenu katika ukumbi huu wa ghorofa ya pili nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa tumejaribu kuipima, na mrejesho wa awali unaonyesha asilimia themanini na tisa. Kama mnavyofahamu, kila mtumishi anayestaafu katika taasisi yetu hupewa saa ya mkononi ya otomatiki, yaani saa isiyotumia betri, bali ndani yake mna kipande cha chuma kinachozunguka kila mkono wa mwenye saa unapocheza, na kwa kuzunguka huko saa hujijaza nguvu yenyewe. Mkono ukitulia siku mbili, saa nayo inatulia. Sasa, mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini, mkono wake ulikuwa na kazi. Akistaafu anakaa sebuleni na rimoti, na rimoti, waheshimiwa, kitaalamu haina uzito wa kuendesha saa. (Kicheko.) Mzee mmoja aliyekuwa mtunza masijala alituandikia kwamba saa yake husimama kila Jumatatu, na kila ikisimama anajiona kama amestaafishwa upya. Barua ile ilinigusa sana. Niliisoma mara mbili nikaipeleka kwenye faili.

Hapo ndipo ofisi yangu ya Mkurugenzi, kwa maono ambayo sitaki kusema ni ya nani ingawa mnaniona hapa, ilipobuni Mradi wa Mtambo wa Kuzungushia Saa za Wastaafu. Mtambo huu ni kabati lenye vitanda vidogo vinavyozunguka. Unalaza saa, mota inaigeuza polepole, mizunguko mia sita na hamsini kwa siku, na saa inadhani iko mkononi mwa mtu mwenye shughuli zake. Miezi minane iliyopita tukatoa waraka, wastaafu wote walete saa, na hakuna saa kutoka mpaka siku ya uzinduzi. Zikaja arobaini na mbili. Tukazipokea, tukazibandika namba, tukazilaza kwenye droo ya chuma ili zisitikisike zikaharibika. (Sauti kutoka katikati: "Si ndipo zikasimama zote?") Zilisimama, ndiyo, sikatai. Lakini kabla ya mradi zilikuwa zinasimama kiholela, moja leo, nyingine kesho kutwa, kila mtu kwake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taasisi tukawa na usimamaji ulioratibiwa. (Kicheko kirefu. Mzungumzaji anangoja, akidhani ni pongezi.)

Wapo wanaouliza kwa nini mchakato umechukua miezi minane, na hao nawajibu kwa data. Kamati Tendaji ilikaa vikao kumi na vinne kuhusu suala zito la mwelekeo: saa izungushwe kulia au kushoto? Kwa maana zipo saa zinazojijaza zikizungushwa kulia tu, zipo za kushoto tu, na zipo zisizobagua. Tukapiga kura, kura zikalingana. Tukafanya warsha ya siku tatu, tukatoka na azimio kwamba pande zote mbili zina umuhimu wake. Katika hatua hiyo ya upembuzi yakinifu tulimwalika pia fundi saa wa barabara ya nyuma, yule wanayemwita Kibano, atoe maoni ya kitaalamu kwa dakika tano. Alitumia nusu dakika. Alisema, na ninanukuu, "Bosi, mtu wa saa moja mashine ya nini? Aivae, atembee, amsalimie jirani, arudi. Ikisimama ageuze hiki kifundo cha pembeni mara thelathini, arekebishe majira, basi. Mashine ni ya mtu mwenye saa kumi na mikono miwili. Na hata huyo asiiachie izunguke kutwa kucha, ataichosha saa bure." Tulimshukuru sana. Maoni yake yako kwenye kiambatisho cha tisa, ambacho kinachapishwa.

(Mama mmoja, muuguzi mstaafu, anasimama mstari wa tatu na mkoba wake kifuani.)

Naona kuna mdau. Mama, maswali ni mwishoni, lakini karibu. ("Samahani baba, sikukatishi kwa ubaya. Mimi saa si yangu, ni ya marehemu mume wangu, dereva wenu. Mlisema tulete, nikaleta, namba kumi na saba. Mwanangu anasafiri kesho asubuhi, amepata kazi ya udereva huko mbali. Nataka avae saa ya baba yake, na nataka nimvishe ikiwa inatembea. Siwezi kumvisha mwanangu saa iliyosimama, moyo wangu unakataa. Nimekuja hapa mara tano, naambiwa bado uzinduzi. Leo si ndiyo uzinduzi?")

Ahsante mama. Hoja yako nimeipokea na itaingizwa katika mpango mkakati. (Minong'ono.) Naomba utulivu. Marehemu mumeo aliniendesha mimi mwenyewe miaka sita, na hakuwahi kunichelewesha hata siku moja, ila mimi nilimchelewesha sana, nikimwacha garini mpaka chakula chake kinapoa. Hapa nimeandikiwa nicheke kidogo, lakini naona niruke.

Nije kwenye mafanikio. Katika ripoti niliyoletewa leo asubuhi, kati ya saa arobaini na mbili tulizopokea, saa zinazotembea muda huu ninapozungumza ni arobaini na mbili. Narudia kwa wale wa nyuma, asilimia mia moja. (Makofi, safari hii ya ukumbi mzima.) Hakuna idara nyingine yenye asilimia mia moja. Hata lifti yetu haina. Kwa hiyo mama ondoa hofu, namba kumi na saba inatembea, mtambo unaizungusha, na ninyi wengine wote mtaondoka na saa zenu leo. Nikisema Mizunguko, ninyi semeni Daima. Mizunguko! (Watu wanne: "Daima.") Saa za wastaafu! (Mtu mmoja, kwa kukisia: "Hazilali.") Vizuri sana, tumepata hata kaulimbiu ya mwakani.

Nimalizie kwa shukrani, ambazo katibu wangu ameniandalia na nitazisoma kama zilivyoandikwa. Tunamshukuru fundi seremala kwa kabati zuri la kioo. Tunawaomba radhi watakaolifungua, kwa kuwa ndani mna birika na vikombe vya wageni, maana mtambo wenyewe haukuwahi kuagizwa na barua ya kuuomba bado haijasainiwa na Mkurugenzi. Katibu, hii nayo nilitakiwa niisome? (Katibu, kwa upole: "Ndiyo, mzee. Endelea.") Shukrani za pekee ziwaendee dada msafishaji wa ghorofa hii, aliyemkuta mama wa namba kumi na saba akilia kwenye korido, akaja kuniomba mimi katibu ufunguo wa droo, nikampa; pia ziwaendee walinzi watatu wa geti, mpiga chapa, na mzee wa chai, ambao wote sita tangu siku hiyo wamezivaa saa hizi mikononi, saba kila mmoja, wakifagia, wakifungua geti, wakipiga chapa na kumimina chai, kwa zamu zao zote, bila kikao.

(Dada msafishaji anaingia kutoka mlangoni. Anakunja mkono wa sare mpaka juu ya kiwiko, anafungua saa ya tatu, anampa mama. Mama anaiweka sikioni. Ukumbi unamsubiri. "Inatembea," anasema. Kisha anaifunika kwa viganja vyote viwili. "Na ina joto.")

Ndiyo. Basi. Katibu, andika kwenye ripoti kwamba mtambo unafanya kazi. Mahali pa jina la mtambo paache wazi kidogo, nimuulize dada anaitwa nani. Miaka minne ananifagilia ofisi, sijui. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.