Madoa ya Mtamba wa Senteu

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekwisha! Senteu kapiga simu kutoka Malambo. Anakuja Alhamisi kumchukua mtamba wake, yule aliyeniachia hapa Ganako, Karatu, ale mabua yangu kiangazi hiki. Anamtaka kwa mahari ya mwanawe. Nikamjibu mtamba hajambo, kanenepa. Uongo mtupu! Alikata kamba mwezi uliopita, na sijui yuko wapi. Senteu ni rafiki yangu, lakini ana kaka wengi na kila mmoja ana rungu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata akili! Shemeji Selina ana mtamba mweupe, umbo lile lile. Nimemwazima, nikidai namtafutia dume. Nimenunua piko jeusi la nywele, nimchore madoa kama ya wa Senteu. Mke wangu Cresensia akauliza wa Senteu alikuwa na mabaka au vidoadoa, na upande gani. Nikamwambia doa ni doa, ng'ombe si kitenge. Akasema Mmaasai humjua ng'ombe wake kama mama amjuavyo mtoto. Ananitisha bure. Nikapaka vidoti mwili mzima.

Jumatano, 10 Septemba

Sijalala. Pikipiki ikipita, naruka. Mtamba kajilamba kabla piko halijakauka! Vidoti vya ubavuni vimekuwa ukungu. Nimeongeza piko. Cresensia kawapeleka watoto kwa mama yake. Hataki washuhudie.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamekuja watatu. Na marungu! Nikashika mlango wa zizi. Senteu akamzunguka mtamba. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Akasema, "Wangu ana baka jeusi begani, na shingoni vidoa kama vya kanga wa porini. Huyu umemchora chui."

Nikaapa ni jua la Karatu limembadilisha.

Akaniambia taratibu, "Inosenti, mtamba yuko nyumbani tangu wiki iliyopita. Ndugu yangu Sairowua alimkuta njiani, akamjua kwa madoa yake. Nimekuja kusikia utaniambia nini."

Wakaondoka bila kunywa chai. Afadhali wangenipiga. Nimelia, kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamka nikaapa: uongo basi, mpaka kaburini. Saa nne Selina kapiga. Anamfuata mtamba wake mweupe kesho asubuhi, anaulizia hali yake. Nimemsugua mnyama kwa sabuni, ndimu, maji ya moto. Piko halitoki! Na mdomo wa Selina unauma kuliko rungu.

Nimemwambia hajambo, kanenepa. Kisha nikakimbia dukani kununua chokaa.