Dereva Bruno na Kioo cha Mama Mkwe

Jumapili, 6 Oktoba 1996. Mbale

Msaliti ni dereva. Naandika leo, mapema, ili siku ya ukweli asitokee mtu akasema Wanzala alibahatisha.

Kantini ya askari magereza ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Ilikuwa sehemu ya mwisho kasoro moja ya Milango Saba, ule mchezo wa majasusi wa kila Jumapili jioni. Ajenti Lorne kavuka mpaka kwa pasipoti bandia, kapigwa risasi ya bega, na bado anatabasamu. Mwanamume yule! Kisha tukaonyeshwa mkono. Mkono tu, umevaa glovu nyeusi, unaokota bahasha ya siri mezani. Mkono wa kushoto! Picha ikaishia hapo. Nilipiga kelele hadi Gorreti, mwenye kantini, akanikanya.

Nani anatumia mkono wa kushoto? Bruno, dereva wa Lorne. Nimemchunguza tangu Machi. Mlango wa gari anafungua kwa kushoto, sigara anawasha kwa kushoto. Sajini Otim wa polisi, ambaye anajiona mpelelezi kwa sababu aliwahi kumkamata mwizi wa baiskeli, akasema msaliti ni bosi mwenyewe, Kanali Strand. Sababu? Eti macho yake. Macho!

Tukabishana mpaka kwenye chungu cha malwa nyuma ya kantini. Wenzetu wakaamua: atakayekosea atamwaga maji ya moto hadi Krismasi. Hili si jambo dogo. Sisi tunakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, tunavuta kwa heshima zetu. Lakini pombe ya ulezi haivutiki bila kuongezwa maji ya moto, na anayeongeza hushika birika, huitwa huku na kule, na mrija wake hungoja. Ni kazi ya askari wapya. Mimi ni koplo, mtunza stoo wa gereza. Birika niliaga zamani, na sitalishika tena.

Jumanne, 8 Oktoba

Transfoma imeungua. Mbale yote giza. Mafundi wanasema labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Na sehemu ya mwisho ni Jumapili! Otim hana wasiwasi. Kasema ukweli utajulikana tu, hata kwa kusimuliwa. Kusimuliwa na nani? Na yeye? Lazima nishuhudie mwenyewe.

Nikapanga kutumia betri ya lori la gereza. Niliifungua vizuri kabisa. Nilichosahau ni kwamba lori lilikuwa linangojwa kupeleka wafungwa shambani. Afande Andrew, mkuu wetu, akanikuta nimeikumbatia. Nikasema naikagua. Akaniambia nikimaliza nikague na majembe yote ya stoo, moja moja. Mikono yangu inanuka kutu mpaka sasa.

Jumatano, 9 Oktoba

Jinja! Bwawa la umeme liko Jinja. Anayekaa kisimani hafi kiu. Na mama yake mke wangu anakaa Jinja, na ana televisheni ya rangi, aliyoipata kwa biashara ya samaki.

Nikamwambia Nabirye. Mke wangu akaacha kuchambua mboga, akaniuliza kama najua ni nani hukaa mbele ya televisheni hiyo. Najua. Mama mkwe. Na mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Kwao Wasoga ni hivyo, na kwetu Wasamia ni hivyo. Hata mkikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Anayevunja mwiko hupata buko: mikono itamtetemeka mpaka anaingia kaburini.

Nikasema basi mama atoke kidogo, saa moja tu. Nabirye akasema mama yake hajakosa Milango Saba hata mara moja. Hata siku ya kumzika shangazi yake alirudi mapema.

Hilo limenigusa. Miaka yote hii sikujua nimeoa katika ukoo wenye akili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ruhusa nimepata. Nilimwambia Afande Andrew kwamba mama mkwe ni mgonjwa. Akasikitika mno, akanipa jogoo wake mwekundu nimpelekee mgonjwa kwa supu. Nilijaribu kukataa. Afande hakataliwi.

Jumamosi, 12 Oktoba. Jinja

Tumefika: mimi, Nabirye na jogoo. Mama mkwe alipotuona akakimbilia nyuma ya jiko, tukasalimiana ukuta ukiwa katikati, vizuri tu. Mimi nimefikia nyumba ya pili, kwa mzee Kirunda, baba mdogo wa Nabirye.

Mpango wa kwanza. Nikamtuma Nabirye amwambie mama kwamba dada yake, Kagoya wa Bugembe, amemkumbuka sana na anamngoja kesho jioni. Jibu likarudi: Kagoya aendelee kukumbuka mpaka Jumatatu. Kesho yeye anataka kumwona Bi Isolde akitiwa pingu. Isolde, karani wa Lorne! Mama mkwe anaamini msaliti ni karani, kwa kuwa mwanamke anayevaa vizuri hivyo kazini hana amani moyoni. Nilihuzunika. Ukoo una akili, lakini si yote.

Mpango wa pili ni bora. Kando ya sebule kuna stoo ndogo ya samaki wakavu. Nitakaa humo, mlango umezibwa kwa shuka nzito, na juu ya shuka nitaacha nafasi. Kwenye ukuta unaoikabili televisheni nitatundika kioo cha kabati, kimeinama kidogo. Mimi natazama kioo, kioo kinatazama televisheni, na mama mkwe yuko mkekani chini ya kioo, mbali na macho yangu. Ajenti Lorne mwenyewe angenipa mkono. Mzee Kirunda kaulizwa, kasema shuka nzito ni ukuta.

Kamba ya kutundikia shuka sikupata. Nimetumia waya wa antena, ambao ulikuwa unapita pale pale. Picha bado iko safi.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika mikono ikitetemeka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Umeme wa Jinja haukupepesa hata kidogo. Bruno akafungua mlango wa gari kwa mkono wa kulia! Moyo ukasimama. Kisha nikakumbuka kwamba kioo hugeuza, moyo ukaendelea. Harufu ya samaki ilikuwa kali, nikavumilia. Lorne akapanda ngazi. Mlango wa tano, wa sita, wa saba. Ndani yupo mtu mwenye glovu, amewapa watu kisogo. Anageuka polepole. Bega. Kola. Sikio...

Mama mkwe haoni mbali. Akaacha mkeka, akatambaa mpaka mbele ya televisheni. Akageuka kumwambia Nabirye kwamba sikio lile ni la Isolde. Akainua macho kwenye kioo. Na ndani ya kioo nilikuwamo mimi.

Tulitazamana. Miaka yote ya ndoa yangu, ndiyo mara ya kwanza naona uso wake. Anafanana sana na Nabirye akikasirika. Alijifunika leso kichwani, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, akilia kwamba amekwisha. Mimi nikaruka, shuka ikaninasa, nikaanguka nayo sebuleni, na waya wa antena ukaja nami. Televisheni ikawa mchanga mtupu. Nabirye alikuwa amemfuata mama yake. Aliporudi na kuchomeka waya, majina ya waigizaji yalikuwa tayari yanapanda.

Hakuna aliyeona mwisho. Nyumba nzima, hakuna!

Jumatatu, 14 Oktoba

Kesi. Mimi nilikuwa barazani, mama mkwe ndani nyuma ya ukuta, na mzee Kirunda mlangoni kama hakimu. Swali: kumwona mkwe kwenye kioo ni kumwona? Nikajitetea kwamba niliona picha yake tu, kama mtu anavyoona picha ya harusi ukutani. Jirani yao, Namwase, ambaye hakualikwa, akasema picha ya ukutani haijawahi kupiga kelele na kukimbia. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee Kirunda akaamua kwamba kioo ni nusu. Kosa zima hulipwa mbuzi, nusu yake hulipwa jogoo.

Jogoo! Nilikuwa naye. Nikamtoa papo hapo. Wakashangaa ni mkwe gani huyu anayesafiri na faini yake.

Ndipo mama mkwe akasema mwenyewe, kupitia ukuta, polepole:

"Jogoo nimepokea. Lakini mwambieni, mwisho wangu aliuharibu. Autafute, aniletee."

Nimeapa nitauleta. Nabirye kabaki kumtuliza.

Jumanne, 15 Oktoba. Mbale

Taa zinawaka mji mzima! Transfoma mpya ilifungwa Jumapili adhuhuri. Wote waliona mwisho pale kantini, wamekaa kwenye viti, soda baridi mkononi. Jumapili hiyo hiyo mimi nanusa samaki!

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye chungu na, kabla mtu hajafungua mdomo, nikatangaza kwamba nimeona kwa macho yangu, Jinja, na ni Bruno. Nikawaeleza alivyokimbia, alivyozingirwa darajani, alivyotupa glovu mtoni. Walinisikiliza vizuri sana. Hata mirija waliiacha. Otim akangoja nimalize.

"Afande Wanzala," akasema, "Bruno alikufa. Msaliti ni Kanali Strand. Alimlenga Lorne, Bruno akaikinga risasi kwa kifua. Walimzika na bendera juu. Hata Gorreti hapa alilia."

Gorreti akakubali kwamba alilia. Kisha akanipa birika.

Jioni Afande Andrew akaniuliza hali ya mama mkwe. Nikasema alipata nafuu mara tu alipompokea jogoo, na huo ni ukweli mtupu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Birika ni zito kuliko nilivyokumbuka. Mikono bado inatetemeka: ni buko, nusu buko. Nimemwagia Otim maji kidogo kwenye kiatu. Anadai nilikusudia. Sikukusudia, lakini sijutii.

Kiapo changu kwa mama mkwe kinaniumiza. Mama wa watu kapoteza mwisho wake kwa ajili yangu. Leo Ashiraf, muuza vitenge, alikuwa anakwenda Jinja. Nikaona nimtume amwambie mama mkwe kwamba ni Strand. Nikafungua mdomo kulitaja jina hilo. Likakwama. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu. Husema walioshindwa. Nani alilifungua jeneza la Bruno? Hakuna! Bendera ilifunika nini? Hakuna ajuaye!

Nikamtuma Ashiraf aseme hivi: msaliti ni Bruno, mazishi yalikuwa hila, na jeneza lilikuwa tupu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nabirye karudi na jibu. Mama mkwe ameridhika kabisa. Kasema kwamba akifikiri vizuri, Isolde hakuwa na nguvu za kazi ile, na kwamba mazishi ambayo watu hawaonyeshwi maiti si mazishi. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Uganda nzima yuko mtu mmoja anayeuelewa mchezo ule, na siruhusiwi kumtazama.

Habari kubwa zaidi: Milango Saba inarudi mwezi ujao, na mambo mapya. Mama mkwe kaagiza nisikose. Kasema kosa letu lilikuwa kioo kimoja. Tukiweka viwili, kila mtu na chake, macho hayatakutana. Mwanamke ana kichwa! Nimekwisha kuchora stoo nzima. Shuka nitatundika kwa ule ule waya wa antena, unafaa sana.

Nilipokuwa naongeza maji kwenye chungu nikamwambia Otim kwamba Bruno yu hai, na safari hii atakayekosea atamwaga mpaka Pasaka. Akakubali haraka, hata hakufikiri. Namhurumia.

Kesho asubuhi naenda kwa Afande Andrew kuomba ruhusa. Mama mkwe ameugua tena.