Walipokata Gilgil

Jumanne, 3 Juni

Mzee Kihara amekuja asubuhi. Mwenye plot huyo, na hiki chumba changu hapa Dundori ni chake. Amesimama mlangoni, akanusa, akasema viazi vyangu vimeota na chumba kinanuka kama kibanda cha sungura. Uongo! Magunia yaliyoota ni mawili kati ya kumi na saba. Hiyo ni asilimia kumi na mbili. Serikali ikioza asilimia kumi na mbili tu tutacheza barabarani.

Ukweli uko upande wa pili wa ukuta. Natalie, mwenye saluni, anataka ukuta ubomolewe apanue. Ana sinki mbili za kuoshea vichwa, anataka nne. Nani amewahi kuona Dundori vichwa vinne vikioshwa kwa mpigo?

Nikamwambia mzee kwamba hiki chumba si stoo, ni historia. Hapa ndipo palipokuwa na ukumbi wa video miaka ile. Benchi za mbao, televisheni moja juu ya kabati. Nikamkumbusha ile katuni ya Wagiriki: kijana mchunga mbuzi, farasi wa mabawa, na yule mnyama wa kichwa cha simba, mwili wa mbuzi, mkia wa nyoka. Mzee akatabasamu! Mara ya kwanza tangu uchaguzi. Akauliza kama nakumbuka pale kijana anaposimama Gilgil mjini kunywa chai kabla ya vita. Nikasema nani anaweza kusahau.

Tumekubaliana. Jumamosi nijaze chumba na hiyo katuni, watu wakae mpaka mwisho, chumba kibaki changu. Nikishindwa, Natalie aje na nyundo.

Nimeshashinda.

Jumatano, 4 Juni

Lewis wa duka la sinema ameipata. Ameniwekea kwa flashi. Akauliza kama nataka kuicheki kwanza. Kuicheki! Nimemweleza kwamba miaka mitatu nilikuwa mtu wa mlango wa hiyo video. Mgongo kwa skrini, macho kwa wale wa kuingia bure, masikio kwa katuni. Naijua kuliko aliyeichora.

Nikiikumbuka bado nacheka peke yangu. Kijana aliitwa Kiprugut, mtu wa Molo. Miungu walikaa juu ya Mlima Longonot wakila nyama choma na kupigania kiti. Yule mnyama alikuwa kanjo, askari wa baraza, anadai ushuru wa soko mpaka kwa wafu, na nyumbani mama mkwe anamsumbua kuhusu mahari.

Wagiriki waliyajua maisha.

Ijumaa, 6 Juni

Okeyo amenisimamisha sokoni. Zamani alikuwa anashika maikrofoni kwenye video na kuongea juu ya sinema, eti anatafsiri. Siku hizi anauza sumu ya panya, kipaza sauti begani. Panya, mende, kunguni, kutwa nzima. Huko ndiko mdomo unakomfikisha mtu.

Amesema amesikia habari za Jumamosi na yuko tayari kusaidia. Nimekataa. Nakumbuka vizuri alivyokuwa anatuharibia. Anasimamisha tepu, anaongea, anaendelea, anasimamisha tena. Sinema ya saa moja na nusu ilikuwa inachukua saa tatu nzima. Na mlangoni nilikuwa mimi. Katika watu wote walioingia, hakuna hata mmoja aliyeniambia amekuja kumwona Okeyo.

Akacheka, meno yote nje. Akasema sawa boss, lakini Gilgil utawapeleka wewe?

Sijui alimaanisha nini. Nadhani anatafuta lifti.

Jumamosi, 7 Juni

Watu sitini na wanne! Waliokaa ni arobaini na nane, waliosimama kumi na sita. Natalie benchi ya mbele, amekunja nne. Mzee Kihara amekuja na kiti chake kutoka nyumbani. Nimezima taa. Nimebonyeza.

Kiingereza kitupu.

Sawa, nikasema moyoni, labda Molo ikifika watabadilisha. Molo haikufika. Kijana ana jina refu la kwao. Miungu wako mlimani, ndiyo, lakini wanakunywa tu kwa vikombe, hakuna hata ubavu mmoja wa mbuzi. Mnyama akatoka, anatema moto, hadai ushuru wa mtu yeyote. Mama mkwe hayuko. Watu wakaanza kuguna.

Mzee Kihara akainua mkono kama mtoto wa shule, akauliza tutafika Gilgil saa ngapi. Nikasema karibu. Farasi akapaa, akavuka mawingu, akatua moja kwa moja vitani. Hakunywa mtu chai.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Rudisha Gilgil!" Wangare, mama wa kuuza karoti, akasema ameacha meza yake bila mtu kwa sababu ya Gilgil. Nikaona niokoe hali. Nikasimama kando ya skrini nikaanza kusimulia. Nikasema, sasa farasi anaruka. Wakajibu, "Tunaona!" Nikasema, sasa mnyama amekasirika. "Tunaona, Ndung'u! Toa kichwa!"

Halafu huko nje, kwenye kipaza sauti cha Okeyo, tangazo la panya, mende, kunguni likakatika. Okeyo akakohoa mara moja. Akasema kwamba asubuhi hiyo Kiprugut wa Molo aliamka bila unga, bila kazi, na farasi mwenye mabawa amesimama mlangoni anauliza mbona umelala.

Wangare akatoka wa kwanza. Halafu benchi nzima. Mzee Kihara alipita na kiti chake kichwani, hata hakuniangalia. Sinema ilipofika mwisho tulikuwa wawili, mimi na Natalie. Akatoa futi kwa pochi, akapima ukuta, akaandika kwa kiganja. Kisha naye akatoka akasikilize.

Mimi nilitoka tu kuhakikisha hawajaondoka na benchi zangu. Nikasimama mpaka Gilgil. Hakuna skrini, hakuna picha, ni Okeyo na sumu yake ya panya. Kiprugut hana pesa ya vikombe viwili, basi anampa farasi chai yake, yeye anapuliza vidole. Nililia kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa nikaenda kwa Lewis. Nimemwambia flashi yake imekatwa, Gilgil yote haimo, na mashahidi ninao sitini na watatu, Natalie simhesabu. Akasema kwa upole kwamba Ugiriki hakuna Gilgil. Nikamuuliza yeye amewahi kufika Ugiriki? Hajafika. Basi!

Jioni Okeyo amepiga hodi. Ametoka kwa Mzee Kihara. Mzee anasema bado kuna nafasi moja: Okeyo awe anasimulia kila Jumamosi, mimi nirudi mlangoni, na Natalie aambiwe asubiri. Chumba kibaki. Okeyo yuko tayari, tena kwa furaha. Ameomba kitu kimoja tu, jina lake liandikwe ubaoni nje, kando ya langu.

Jina la muuza sumu! Kando ya jina la mtu aliyejijenga mwenyewe, gunia kwa gunia!

Nimemfungulia mlango aende. Mlango naujua.

Jumatatu, 9 Juni

Nyundo imeanza saa mbili asubuhi. Kufika saa nne Natalie alikuwa ananipungia mkono kupitia ukutani. Magunia yote sasa yako nyumbani, kwenye chumba ninacholala. Nalala juu ya saba.

Lakini nimefikiria, na hesabu imekuja. Kosa halikuwa langu. Watu hawataki picha tena, wanataka sauti kubwa. Nimeshuka Nakuru nikanunua kipaza sauti. Cha Okeyo kinatumia betri sita. Changu, nane.

Jioni nimekijaribu kando ya barabara, katuni nzima, bila kuruka kitu. Ng'ombe mmoja aligeuka akanitazama. Alikaa mpaka mwisho. Alikuwa amefungwa kamba, lakini alikaa.