Asilimia Moja ya Wendell Krasovec

Wendell Krasovec alipoona mabango mawili yakitazamana barabarani mjini Pueblo, moja likisema KUBALI na jingine KATAA, mate yalimjaa mdomoni. Pendekezo lililokuwa likisubiri kupigiwa kura lilitaka kupiga marufuku, jimbo zima la Colorado, zile mashine zinazonguruma zikipuliza majani uani. Wengine waliona uchaguzi. Wendell aliona kambi mbili zenye pesa na wasiwasi, na wasiwasi wa watu ndio uliomlisha.

Alikuwa mtafiti wa maoni ya wapiga kura ambaye hajawahi, tangu azaliwe, kumpigia simu mpiga kura. Takwimu alizipika jikoni kwake akiwa na soksi tu, kisha akazitia desimali kidogo ili zionekane zimesoma. Kwa Hollis Bratvold, mwenye kiwanda cha mashine hizo, alipeleka uso wa msiba: mzee, upande wako uko nyuma kwa asilimia moja, moja tu, utafiti mmoja zaidi na tangazo moja zaidi tunawapita. Kwa Ofelia Maestas, mjane aliyeongoza kampeni ya kudai asubuhi za utulivu, alipeleka uso uleule na asilimia ileile. Ukimwambia mtu ameshindwa anafunga pochi. Ukimwambia ameshinda anaifunga pia. Asilimia moja, jamani, ni uvumbuzi mtukufu. Wote wawili walilipa kila wiki bila kunung'unika.

Kilichomharibia ni baga. Huko Pueblo, baga humwagiwa mchuzi wa pilipili mpaka izame, na mkahawa wenye mchuzi wa maana siku hiyo ulikuwa umejaa pomoni. Hollis na Ofelia wakajikuta meza moja, wakaanza kuchokozana.

"Kula kwa raha, mama," Hollis alisema. "Si mko mbele kwa asilimia moja?"

"Acha utani, baba. Sisi ndio tuko nyuma kwa moja."

Hollis akaweka kijiko chini.

"Nani kakwambia?"

"Wendell."

Hollis alitaka kumwita wakili papo hapo. Ofelia alicheka mpaka mchuzi ukampalia, akasema wakili wa nini, mtu kama yule anatakiwa kulishwa chakula chake mwenyewe.

Siku chache baadaye Wendell alipata barua pepe iliyomfikia eti kwa bahati mbaya. Ilikuwa na utafiti wa siri. Watu wa Colorado wamewachoka wagombea wote wa kiti cha mweka hazina wa jimbo, na walipoulizwa ni nani wangemwandika kwa mkono kwenye karatasi ya kura, asilimia 38.4 walimtaja Wendell Krasovec.

Mpishi wa takwimu wa miaka yote hiyo alipaswa kunusa moshi. Lakini hii ilikuwa na desimali, na tena ilimsifu. Halafu hazina, ndugu zangu, ya jimbo zima. Alisimama mbele ya kioo akajaribu uso wa kiongozi, akauona unamkaa, akaenda kujiandikisha kuwa mgombea wa kuandikwa kwa mkono, jambo ambalo sheria ya huko inaruhusu.

Ofelia alijitolea kuwa meneja wake wa kampeni, kwa malipo ya staha. Hollis alimchapia mabango, kwa malipo yasiyo na staha hata chembe. Na kila Jumatatu mjane alimjia na uso wa msiba.

"Uko nyuma kwa asilimia moja, mheshimiwa. Moja tu. Tangazo moja zaidi tunawapita."

"Weka mawili," Wendell alisema.

Yakawekwa mawili, kisha manne. Alichokuwa amewachuma kilirudi chote kilikotoka, na gari lake likakifuata.

Matokeo yalipotangazwa, pendekezo la mashine lilianguka kwa asilimia moja kamili. Kwa mara ya kwanza maishani Wendell alikuwa amesema kweli, angalau kwa Ofelia, na hakuwa na nafasi ya kujivunia, kwa sababu alikuwa akitafuta jina lake. Alilipata mkiani kabisa, akampigia Ofelia simu.

"Kura mbili, mama? Jimbo zima? Yangu, na ya nani mwingine?"

"Ni mimi na Hollis," Ofelia alisema. "Kwa kukusifu miezi yote ile, tukajikuta tumekuzoea."

Wendell akahesabu upya, polepole, kisha akageuka kutazama friji. Bahasha ya kura yake, iliyoletwa na posta wiki tatu nyuma ili aijaze nyumbani na kuirudisha, ilikuwa bado imebanwa mlangoni kwa sumaku, haijafunguliwa.