Valvu ya Tabasamu

Wengine mtaji wao ni duka, wengine ni shamba. Mtaji wa Tabasamu ulikuwa meno: meupe, yamepangika, yanalainisha hata jiwe. Asubuhi hiyo aliyapitisha mbele ya uwanja ambamo mama mwenye nyumba alikuwa anafua, mpira wa maji umezama ndani ya beseni la povu.

Ghafla maji ya mtaa yakakatika. Bomba la chini, karibu na geti, likakohoa, likatema povu ndani ya sufuria ya mpangaji.

"Mama wee! Bomba linatoa sabuni!"

Tabasamu akasimama. Riziki haibishi hodi.

"Shikamoo, mama. Maji yakikatika, bomba hunyonya kama mtoto mchanga. Mpira wako umezama, basi limenyonya beseni. Leo sabuni, kesho maji ya kudekia choo. Wapangaji watakukimbia."

"Marahaba. Sasa nifanyeje, baba?"

Akachomoa valvu ya shaba mkobani. "Huu ni mlango wa njia moja. Maji yanaingia, hayarudi."

Tumpe haki yake: hapo hakudanganya. Valvu hiyo ilikuwa ya kweli, na duniani alikuwa nayo hiyo moja tu. Zilizobaki mkobani zilikuwa na sura ile ile, tumbo tupu. Akiipoteza hiyo moja, amekwisha.

Maji yaliporudi akasafisha bomba, akaifunga valvu penye mpira, akafunga koki ya mita kana kwamba maji yamekatika tena, akafungua bomba la getini. Povu halikuja. Yakachuruzika maji masafi yaliyobaki bombani; akayakinga kwa kikombe cha bati, akayanywa macho juu, kama mtu anayekula kiapo.

Mama akalipa bila kubishana.

"Ngoja nikaze mara ya mwisho," akasema Tabasamu, spana mkononi. Mgongo ukaziba, vidole vikacheza, valvu yenye tumbo tupu ikakaa penye mpira, ya kweli ikarudi juu mkobani.

"Karibu chai ndani, fundi. Mkoba uache tu kibarazani, hapa hatuna wezi."

Hatuna wezi! Nusura apaliwe na chai kwa kicheko.

Aliposhiba sifa akavuka barabara kwa mtia rangi vitambaa, ambaye mpira wake ulikuwa umezama ndani ya pipa la rangi ya buluu. Majirani wakajaa. Tabasamu akafunga valvu yake, akafunga koki ya mita, akafungua bomba la chini na kukinga kikombe nyuma ya mgongo, maana macho yake yalikuwa kwa wateja.

"Fundi wa kweli hunywa kazi yake!" Akagugumia.

Mtia rangi akamkodolea macho mdomoni.

"Kaka," mtia rangi akasema polepole, "hebu cheka kidogo."

Akacheka. Meno buluu, ufizi buluu, ulimi buluu. Watu wakashikana mabega wasianguke.

Ng'ambo, mama mwenye nyumba alikuwa ameegemea geti lake.

"Pole, baba! Mtu akikaza kilichokwisha kukazwa, huyo anafungua. Nikazipuliza zote mbili, ya mpirani na ile ya juu mkobani, ulipokuwa unakunywa chai. Moja inapitisha pumzi huku na huku, hiyo ndiyo nimekuwekea juu mkobani. Nyingine inafanya kazi vizuri sana hapa kwangu, kama ulivyoniahidi. Na asante kwa kuniachia spana!"

"Rangi yangu," mtia rangi akaongeza kwa fahari, "haichuji."

Tangu siku hiyo Tabasamu hutafuta riziki amefumba mdomo. Na kumdanganya mtu mdomo umefumbwa, jamani, ni kazi ngumu kuliko kufua.