Jibu la Pasi Limefika kwa Bosi

Habari ya asubuhi hiyo aliileta Waya, fundi kompyuta, kabla hata hajakalia benchi letu la kahawa: Pasi kajichongea kwa bosi, tena kwa maandishi.

Pasi mwenyewe alikuwepo, kikombe mkononi, kahawa haijaguswa. Kazi yake ni kunyoosha mashuka kwenye kiwanda kikubwa cha udobi ng'ambo ya barabara. Jana mwenzake aliuliza, kwenye kundi la barua pepe la wafanyakazi, habari za bomba la mvuke linalovuja. Pasi akabonyeza "Jibu", akidhani anamjibu huyo mmoja, akaandika kwamba bosi anajua siku nyingi, anangoja mtu aungue ndipo aite fundi. Barua ikaenda kwa kundi zima. Na bosi yumo.

"Nani alimwingiza bosi?" niliuliza, ingawa nilijua.

Macho yote kwa Katibu, mwendeshaji wa kundi. Akajitetea kwamba bosi aliomba kwa adabu, na kwamba majibu yalikuwa yakipotelea kwa mtu mmoja mmoja, ndiyo maana akaiamuru programu iweke anwani ya kundi kwenye kila barua, pale panaposema ajibiwe nani.

"Hapo umekosea, kaka," Waya alimwambia. "Barua ina mwenyewe. Tarishi gani anafuta anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha, akaandika anayoitaka yeye? Anayetaka kuwajibu wote, kitufe chake kipo."

"Watu hawakioni."

"Waonyeshe. Usiwaamulie."

Mimi sisahau. Nikamkumbusha Katibu kuwa ni yeye huyu huyu aliyeitisha kura ya siri hapa hapa benchini, kisha akatuambia tunyooshe mikono. Akanuna, akakoroga kahawa isiyo na sukari.

"Nyie bishaneni," Pasi alisema. "Mimi naitwa ofisini leo, na nina watoto."

Akaongeza kwamba angalau wenzake wana utu, tangu usiku wanamwandikia kumpa moyo, ila kwa siri. Akatusomea kwenye simu barua ya mama wa mashine za kufulia: "Mwanangu, umesema kweli tupu. Mimi mvuke huo umenibabua mkono. Usimwambie mtu kama nimekuandikia." Dereva wa gari la mashuka naye: "Niko nawe, kaka. Ukishasoma, futa." Zilikuwepo nyingine, chungu nzima.

Waya akaiomba simu, akaisogeza karibu na pua. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kaka," alisema, "na hawa nao wamebonyeza 'Jibu'."

Kila mtu akamwona kichwani bosi mezani kwake, akinong'onezwa na kiwanda kizima. Pasi akanywa kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akasimama, akakung'uta suruali, akavuka barabara kwenda ofisini kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

Katibu alikuwa ameshachomoa simu, jasho likimtoka, anatafuta pa kuirekebisha ile programu. Nikamshika mkono.

"Weka chini hiyo," nilimwambia. "Kuna wengine bado hawajamwandikia Pasi kwa siri."