Frigo Niliyoilaza Ubavu

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Mimi Byiringiro ni mutu wa bahati. Naandika bila haya, maana kaye hii, daftari langu, hakuna anayeisoma. Kitu nikikinunua kinadumu. Saa, redio, viatu: vyote vinazeeka pamoja na mimi, na vingine vitanizika. Leo nimenunua frigo.

Si frigo ya kuficha. Milango miwili, juu frigo, chini kongelateri ya kugandisha, rangi ya fedha, unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Ni ya Igihozo, binti yangu wa kwanza. Jumamosi wakwe wanaleta dot, yaani mahari, na kwetu binti haendi kwa mume mikono mitupu, wazazi wanamupa vyombo vya nyumba. Wengine wanatoa masufuria na godoro. Mimi nilitangaza tangu Pasaka, kanisani, sokoni na kwa kinyozi, kwamba binti yangu ataenda na frigo ya kudumu miaka makumi tatu. Kinyozi bado ananikumbusha.

Muuzaji wa Birere alisema ibebwe ikiwa imesimama, na ikifika ipumzike hadi kesho kabla ya kuchomekwa. Nilimuuliza kama ni frigo au ni mama aliyetoka kujifungua. Nilimuona ni mutu asiyesafiri. Mimi nimefika Kampala mara mbili.

Landry wa chukudu, kigari kile cha mbao cha kusukuma mizigo, naye alitaka kuisimamisha kwenye mbao zake na kuifunga kamba. Nilikataa. Ikisimama, uso wake unatazama mgongo wa Landry, na nani ataiona? Nikailaza ubavu, milango ikitazama kushoto, upande wa maduka. Kutoka Birere mpaka Majengo, juu ya mawe yale ya volkano, mimi nyuma natembea polepole kama padri kwenye maandamano. Watu walisimama kutazama. Mutu mumoja alivua kofia. Labda alikuwa anajikuna, lakini aliivua.

Kwenye parcelle, kiwanja chetu, tulimukuta Mama Kahindo mlangoni pake. Ni jirani, mujane, watu wake ni wa Butembo, anauza juisi na barafu. Frigo yake nyeupe aliinunua mwaka Kahindo alizaliwa, na Kahindo leo ana miaka makumi mbili na tano na watoto wawili. Mlango wa frigo hiyo unafungwa na mpira wa baiskeli. Alituangalia tukipita, akaniuliza: "Papa Igihozo, huyo mugonjwa munamutoa hospitali gani?" Nilimujibu atunze yake vizuri, watu wa makumbusho watakuja kuiomba.

Sasa, Muzee Nsanzimana, baba ya bwana harusi, alikuwa apite saa kumi kusalimia. Kungoja kesho haiwezekani. Nikachomeka. Ikanguruma kama lori ya maharagwe ikipanda mulima. Nguvu ile!

Lakini saa tisa na nusu maji ndani bado yalikuwa ya kuoga. Nilipita nyuma, nikanunua chupa sita za baridi kwa Mama Kahindo, nikazipanga ndani, nikafunga. Muzee alipofika nilifungua mbele yake kama mutu anayefungua Biblia. Alikunywa, akasema baridi hii inaingia mpaka kwenye mizizi ya meno. Nikamuambia ni teknolojia.

Jumanne, tarehe 14

Inanguruma tu, haigandishi. Muke wangu, Nyiransabimana, alitia mkono ndani, akasema tukiweka mayai tutapata vifaranga kabla ya harusi. Sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu, maana ni kweli.

Nikapata akili. Nilinunua mabonge ya barafu kwa Mama Kahindo, matatu asubuhi na matatu mchana, nikayapanga kwenye kongelateri. Majirani wakija kuona, nafungua haraka, moshi wa baridi unatoka kidogo, nafunga haraka. Wanasema eee. Mama Kahindo aliniuliza kama nimefungua bar. Nilimuambia nalinganisha barafu yake na yangu, kwa utafiti. Alisema nikimaliza utafiti nimuletee majibu, naye tangu zamani alitaka kujua nani anashinda.

Mchana umeme ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Taa zilipepesa. Frigo ikatoa sauti moja, tak, ikanyamaza. Harufu ya chuma cha moto. Nikaifunika na kitenge, nikamuambia muke wangu inapumzika. Akasema: aha, kumbe leo njo umesikia maneno ya muuzaji.

Jumatano, tarehe 15

Nilimuita Bagalwa, fundi wa frigo. Mutu wa Bukavu, mufupi, maneno yake machache. Lakini kazi yake! Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye mota, mpini akauweka sikioni, akafunga macho, akaniambia nichomeke. Kama daktari anayesikiliza mutoto tumboni. Nimeona mafundi wa Kampala, hawa wanapiga mota na nyundo. Huyu anaisikiliza. Niliona haya kwamba mimi, na umri wangu, sijawahi kusikiliza kitu chochote namna ile.

Aliuliza swali moja tu: ilikuja imelala? Nilijibu ilikuja kwa heshima. Aliuliza tena. Nikasema ilijiegemeza kidogo, kutoka Birere mpaka hapa.

Akanieleza polepole. Ndani ya mota kuna mafuta. Ukiilaza, mafuta yanatembea kwenye mabomba. Ukiiwasha kabla hayajarudi, mota inazunguka kavu, inajila yenyewe. Halafu umeme wa jana, bila stabilisateur, kale kasanduku ka kutuliza umeme, ukamalizia. Nilimuuliza frigo kwa kawaida inaishi miaka ngapi. Alisema nzuri ikitunzwa ni kumi, kumi na tano, na zile za zamani ziko zinazovuka makumi mbili. Miaka haiui mota, alisema. Inauawa na umeme unaorukaruka, na vumbi mgongoni, na mpira wa mlango uliochoka, na mama anayetia sufuria ya maharagwe ya moto. Nikauliza: na yangu? "Yako, siku mbili," alisema. Alisema bila kiburi, njo iliniuma.

Mota mpya inaweza kutoka Kampala kwa wiki tatu. Dot ni Jumamosi. Nilimupa soda. Alikataa, alisema haina baridi. Akiondoka aliniambia kama nataka kuona frigo, niende kwa jirani.

Nilienda nikijifanya nanunua barafu tena. Mama Kahindo alinionyesha bila kunicheka, na hiyo ni kwa wema wake tu. Frigo imesimama mbali na ukuta, mkono wangu mzima unapita nyuma. Miguu iko juu ya mbao zilizopimwa usawa kwa bakuli ya maji. Mpira wa mlango anaupangusa na maji ya ndimu. Umeme ukipepesa anachomoa, anangoja, hata kama juisi inalia. Kwenye volkano ya 2002 marehemu mume wake aliisukuma mpaka Gisenyi kwenye chukudu, imesimama, amefungwa nayo kwa kitenge kimoja kama mapacha. Ile ya 2021, watu walikimbia na magodoro, yeye kwanza aliichomoa, akaipangusa, akafunga nyumba, njo akakimbia. Pembeni kuna kaye inaning'inia kwa uzi: kila tengenezo, kila tarehe, tangu siku ya kwanza. Nilifungua mlango, baridi ikanipiga usoni, ndani muna utulivu kama kanisani siku ya kazi. Nimeona minara, nimeona ndege zinatua. Sijaona kitu cha kuheshimika kuliko frigo ile.

Igihozo alikuwa nyuma ya frigo hiyo na brosi, anatoa vumbi. Nilimukemea. Bibi harusi wa Jumamosi hapigi brosi frigo ya jirani. Alisema "ndiyo papa" na akaendelea.

Alhamisi, tarehe 16

Frigo ile lazima iende na Igihozo. Asubuhi nilimuambia Mama Kahindo kwamba hewa ya frigo za zamani inamaliza nywele za mutu. Alivua kitambaa chake. Nywele nyingi, nyeusi, mpaka mabegani. Nikabadilisha njia: tubadilishane, yeye achukue yangu ya fedha, mpya kabisa, mimi nijitese na hiyo ya kizee, ni ujirani tu. Alisema: "Papa Igihozo, yako imekufa. Majengo yote inajua. Tunangoja tu mutuite kwenye matanga."

Nilikaa chini. Nikasema ukweli, yaani nusu yake: Jumamosi wageni watakunywa vinywaji vya moto mbele ya binti yangu. Hapo uso wake ulibadilika. Kwa Igihozo, alisema, ataiazima. Wanaume wanne, imesimama, na asiyekuwa yeye hagusi prizi ya umeme. Nikaapa.

Jumamosi, tarehe 18

Wakwe walifika wamependeza. Vinywaji vya baridi kali. Frigo nyeupe ilisimama pembeni ya baraza, kaye yake inaning'inia, Mama Kahindo kando yake kama mulinzi. Mambo yalienda vizuri mpaka Muzee Nsanzimana aliinuka katikati ya hotuba.

Mimi sikujua kwamba muzee huyu aliuza fromage ya Masisi, jibini isiyotaka joto, maisha yake yote. Alienda moja kwa moja kwenye frigo. Akaweka kiganja ubavuni. Akauliza ina miaka ngapi. Nikasema makumi mbili na tano. Akauliza nani aliitunza. Kinywa changu kikajibu chenyewe: mimi. Akauliza kama njo ile niliyotangaza, inayoenda na binti. Muke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Nikasema njo hiyo.

Mama Kahindo aliweka sinia chini. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba frigo ni yake, imeazimwa kupoza soda tu, na kesho inarudi kwake. Nilitamani mawe ya volkano ya Nyiragongo yafunguke, yanimeze. Niliona dot inavunjika, Igihozo anarudi chumbani na nguo zake nzuri, na kila mutu atasema ni sababu ya mdomo wa baba yake. Sijawahi kuogopa hivyo, hata risasi zikilia.

Lakini mama yule hakuwa amemaliza. Alifungua kaye, akamupa muzee, akamuambia asome mwandiko. Miaka ya kwanza ni wa marehemu mume wake. Tangu 2012, kila ukurasa, ni wa Igihozo. Alianza akiwa na miaka kumi, kila Jumamosi na brosi yake, kwa malipo ya kijiti kimoja cha barafu tamu. "Mulikuja kuchukua frigo ao mutoto?" aliuliza. "Frigo hamupati. Mutoto njo huyu."

Muzee alisoma muda mrefu. Halafu alimugeukia Igihozo, akamuuliza umeme ukirudi anafanya nini. Igihozo alijibu akiangalia chini: anawasha taa kwanza, aone kama haipepesi, anangoja dakika kumi, njo anachomeka. Muzee alicheka hadi akashika ukuta. Alisema yeye ameua frigo tatu kwa kukosa mutu kama huyu nyumbani. Frigo watatafuta wao, madukani zimejaa. Na mimi akaniambia polepole, nisikie peke yangu, kwamba chupa za Mama Kahindo zina uzi mwekundu shingoni, na Jumatatu alikunywa akiuona.

Wamama walipiga vigelegele. Igihozo alikumbatia Mama Kahindo kabla ya kunikumbatia mimi, na ilikuwa haki. Mimi nilitoka nyuma kidogo. Moshi wa nyama uliniingia machoni.

Jumatatu, tarehe 20

Nimefikiria sana mambo haya, na nimeelewa. Katika Majengo yote, nani amejifunza frigo kwa wiki moja kuliko mimi? Asubuhi nimepaka ubao, nimeutundika mlangoni: BYIRINGIRO, MUSHAURI WA FRIGO, ANAJUA UMRI WAKE. Muke wangu aliusoma, akaingia ndani, akatoka, akausoma tena. Nadhani ni sifa.

Saa nne mama mumoja wa Katindo alinipeleka kwake. Nilifunga macho, nikaweka bisibisi sikioni. Nilisikia mvumo kama wa bahari kabisa. Nikamuhakikishia miaka makumi tatu, na ili mota isikike vizuri nikaigonga kidogo kwa ngumi. Ilikufa nikiwa bado sijavaa viatu. Nimemuambia ni usingizi. Mchana alikuja kunitafuta na kaka zake wawili, nikajificha kwa Mama Kahindo, nyuma ya frigo, pale penye nafasi. Kesho napaka ubao mukubwa zaidi.

Na kwa kuwa hakuna anayesoma kaye hii: ile ya bahati niliyoandika Jumatatu iliyopita ni uongo. Saa yangu ilisimama mwaka ule ule nilioinunua, redio haikufika Noeli, viatu nimevishona mara saba. Hiyo ya fedha ni frigo yangu ya tatu. Zote tatu nimeziua mimi.